Oili ya Injini ya Gari la Kale Lenye Mbio: Kuichagua na Kuifuatilia Jijini Nairobi

Injini ya Datsun 240Z, ya Alfa Romeo yenye kamshafti (shafti inayofungua vali) mbili, au ya Escort iliyochongwa kwa mashindano haifi kwa sababu ya jina lililoandikwa kwenye mtungi wa oili. Hufa kwa sababu oili ilikuwa na zinki kidogo kuliko kamshafti ilivyohitaji, au ilikuwa nyepesi mno kwa nafasi za beringi zake (upenyo kati ya beringi na krenki), au ilichanganyika na petroli mwezi baada ya mwezi bila mwenye gari kutambua. Kwa Nairobi, hili la mwisho ndilo baya kuliko yote na ndilo linalosemwa kidogo kuliko yote, kwa hiyo tutakaa nalo zaidi ya mengine.

Hatua ya 1: Ijue kamshafti yako kabla ya kwenda dukani

Angalia kitabu cha injini, au muulize fundi aliyeifunga, jambo moja: lobu za kamshafti, yaani vinundu vinavyosukuma vali, zinasugua nini? Kwenye Peugeot 504, MGB na Ford zenye injini ya Kent zinasugua tapeti bapa. Kwenye Datsun za familia ya L, ikiwemo ile L24 ya 240Z iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973, kamshafti iko juu ya hedi, na wengi hudhani kwa hiyo iko salama. Haiko salama. Lobu zake husugua uso wa roka moja kwa moja, chuma kwa chuma, na ukishaweka springi ngumu za vali ili injini ipande mizunguko bila vali kuelea (kuchelewa kufunga), mzigo kwenye eneo hilo dogo huongezeka sana.

Utando wa oili pekee hautoshi hapo. Kinachookoa lobu ni kiambata cha zinki na fosforasi ambacho, kwa joto na msuguano, huacha ngozi nyembamba juu ya chuma. Ngozi hiyo ndiyo inayochakaa badala ya lobu. Tatizo ni kwamba fosforasi huharibu kataliti ya bomba la moshi kwenye magari mapya. Ndiyo sababu oili nyepesi za kisasa kama 0W-20 na 5W-30 zenye alama za viwango vya API kama SM ya mwaka 2004, SN ya 2010 au SP ya 2020 zimewekewa kikomo: fosforasi kati ya 600 na 800 ppm (sehemu kwa milioni). Toyota ya juzi yenye roka za rola haina shida na kiwango hicho. Kamshafti ya tapeti bapa yenye springi ngumu inaweza kupoteza lobu.

Tafuta oili yenye fosforasi kati ya 1,000 na 1,400 ppm, na zinki juu yake kidogo. Kuzidisha hakusaidii, na kuzidisha sana kunaweza kula chuma badala ya kukilinda. Kwa hiyo usimimine chupa ya kiambata juu ya oili ambayo tayari ina kiwango cha kutosha.

Oili za 20W-50 na 15W-40 hazibanwi na kikomo kile cha oili nyepesi. Lakini kutobanwa si sawa na kuwa nayo. Mwombe muuzaji karatasi ya takwimu za bidhaa, au itafute kwenye tovuti ya kampuni, usome mstari wa zinki na fosforasi. Kama mistari hiyo haipo, chagua oili nyingine. Oili za dizeli za 15W-40 zenye alama CI-4/SL zinafaa sana kwa injini hizi na hupatikana kila mahali kwa sababu malori yanazitumia. CK-4 nayo inakubalika, ingawa fosforasi yake haivuki 1,200 ppm. FA-4 iache kabisa. Imetengenezwa kuwa nyepesi kwa injini mpya za dizeli.

Mini ya kale ina sharti lake. Giaboksi yake inaoga kwenye oili ileile ya injini, na meno ya gia hukatakata viungo vinavyoifanya oili ibaki nzito ikipata moto. Iwekee 20W-50 ya madini yenye ubora, na uibadilishe mapema kuliko magari mengine.

Hatua ya 2: Chagua uzito kwa nafasi za beringi

Namba iliyo kabla ya W inahusu baridi. Oili ya 20W hupimwa kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, na Nairobi asubuhi ya Julai huwa karibu nyuzi 10 hadi 12 juu ya sifuri. Hakuna sababu ya kulipia 0W kwa ajili ya baridi isiyokuwepo. Namba ya pili ndiyo yenye kazi: mnato kwenye nyuzi 100. Oili ya 40 huwa kati ya 12.5 na 16.3 kwa kipimo cha sentistoki, ya 50 kati ya 16.3 na 21.9.

Kama injini imefunguliwa karibuni, fundi alipima nafasi za beringi za krenki kwa plastigeji (uzi laini wa plastiki unaobanwa ndani ya beringi), au alipaswa kupima. Omba vipimo hivyo uviandike. Mwanzo mzuri ni huu:

- Nafasi chini ya milimita 0.05: 10W-40 au 15W-40.
- Kati ya 0.05 na 0.065: 15W-40, au 20W-50 kama gari linaendeshwa kwa nguvu muda mrefu.
- Zaidi ya 0.065: 20W-50.

Injini ambayo haijulikani ilifunguliwa lini, ianze na 20W-50 ya madini. Usikimbilie sinthetiki. Gari lililotumia oili ya kawaida miaka mingi lina uchafu uliogandamana kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) na hedi, na oili yenye sabuni nyingi huubandua na kuusukuma hadi kwenye wavu wa pampu. Sili za zamani za kamba, nyuma ya krenki, nazo huanza kuvuja. Sinthetiki ina nafasi yake: injini iliyofungwa upya, yenye sili mpya, inayofikisha oili nyuzi 120 mara kwa mara. Nje ya hapo, pesa hizo zitumie kubadilisha oili mara nyingi zaidi.

Hatua ya 3: Nunua oili halisi

Oili bandia ipo mjini, na haitambuliki kwa rangi. Nunua kwenye kituo cha mafuta chenye jina la kampuni au kwa msambazaji rasmi wa Industrial Area. Kirinyaga Road utapata spea nzuri za magari ya kale, lakini oili ya injini iliyokugharimu kuijenga isitoke kwenye rundo la barabarani. Kagua kifuniko: pete ya chini iwe haijakatika, na lakiri ya ndani iwe imegandishwa sawasawa pande zote. Namba ya toleo iwe imechapwa kwenye mtungi wenyewe, isiwe kwenye karatasi inayobanduka. Ukimaliza, toboa mtungi kwa bisibisi kabla ya kuutupa, kwa sababu mitungi safi ndiyo hujazwa tena.

Hatua ya 4: Mwaga na ujaze

Endesha dakika 20 ili uchafu uelee ndani ya oili, kisha mwaga ikiwa moto. Acha idondoke angalau dakika 15. Weka washa mpya ya shaba kwenye plagi ya sampu. Iliyokwisha kubanwa imekuwa ngumu na haizibi vizuri. Plagi yenye sumaku ni spea ya bei ndogo yenye faida kubwa.

Filta mpya iwe na vali ya kuzuia oili isirudi sampu gari likizimwa, hasa kama imelala ubavu. Bila vali hiyo, kila asubuhi beringi huzunguka sekunde kadhaa zikiwa kavu. Paka oili kwenye mpira wa filta, funga kwa mkono hadi iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko.

Jaza hadi alama ya juu ya kijiti, usipitishe. Oili ikizidi, krenki huipiga ikawa povu, na pampu inayovuta povu haijengi presha. Kabla ya kuwasha, toa waya wa koili na uzungushe kwa stata hadi sindano ya geji iinuke.

Kamshafti ikiwa mpya, utaratibu hubadilika. Paka mafuta mazito ya kufungia kwenye kila lobu, tumia oili ya madini yenye zinki nyingi, na injini ikishika tu ipandishe mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika, uishikilie hapo kwa dakika 20. Usiiache ikinguruma polepole: kwenye injini ambazo lobu hulishwa kwa oili inayorushwa na krenki, mizunguko ya chini hairushi ya kutosha. Kwa hiyo timingi, maji na petroli viwe tayari kabla ya kugusa stata. Kama una springi mbilimbili kwenye vali, toa za ndani kwa dakika hizo. Kisha mwaga oili hiyo na filta yake, na ubadilishe tena baada ya kilomita 800. Kwenye Datsun za L, hakikisha pia bomba dogo la kunyunyizia kamshafti, kama injini yako inalo, halijaziba. Tundu moja lililoziba hula lobu moja huku nyingine zikibaki nzima.

Hatua ya 5: Presha na joto ndivyo vitakavyokuambia kama ulichagua sawa

Taa nyekundu ya dashibodi haitoshi. Ikiwaka, beringi tayari zimeumia. Funga geji ya presha ya kimakanika, na sensa ya joto la oili kwenye sampu au kwenye sahani kati ya filta na bloku. Joto la maji halisemi lolote kuhusu joto la oili. Maji hufika nyuzi 80 kwa dakika chache. Oili huchelewa dakika 15 hadi 20.

Pima hivi. Endesha hadi oili ifike nyuzi 90 hadi 100. Simama, acha injini kwenye mizunguko 850, andika presha. Kisha panda hadi 3,000, andika tena. Kanuni ya zamani ya mafundi wa mbio bado inafanya kazi: psi 10 (psi ni kipimo cha presha) kwa kila mizunguko 1,000. Kwa injini nyingi hizi, psi 12 hadi 20 kwenye mizunguko ya chini na psi 40 hadi 60 kwenye 3,000 ni hali nzuri.

Ukikosa psi 30 kwenye 3,000 oili ikiwa moto, panda uzito mmoja, kutoka 40 hadi 50, upime tena. Kama hakuna mabadiliko, oili si tatizo. Kagua pampu, springi ya vali ya kupunguza presha, au beringi. Ukiona psi 80 oili ikiwa moto, usishangilie. Vali imekwama, au oili ni nzito mno na sehemu kubwa inarudishwa sampu bila kupita kwenye beringi. Beringi hupozwa na oili inayopita, na presha kubwa haimaanishi inapita nyingi.

Joto zuri ni nyuzi 90 hadi 110. Oili ya madini ikikaa juu ya 120, punguza mwendo. Jaribio la kweli karibu na mji ni kupanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru nyuma ya malori: gia ya pili au ya tatu, hewa kidogo inayopita kwenye redieta, injini ikifanya kazi bila kupumzika. Kama hapo unavuka 120, unahitaji redieta ya oili. Ukiiweka, weka na thamostati yake inayofunguka karibu nyuzi 80. Redieta ya oili isiyo na thamostati, asubuhi ya Julai kwenye foleni, huiacha oili kwenye nyuzi 60, na hapo ndipo maji na petroli hukaa ndani yake bila kutoka.

Hatua ya 6: Petroli ndani ya oili

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 15. Kabureta haina namna ya kulitambua hilo. Weber au Solex yenye jeti (vitundu vinavyopima petroli) zilizochaguliwa Ulaya, usawa wa bahari, hapa humimina petroli nyingi kwa hewa iliyopungua. Isiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda, hupita ringi, na kuteremka sampu. Ongeza choki ya asubuhi, foleni ya Waiyaki Way, safari ya kilomita 6 hadi ofisini, na gari linalotoka mara moja kwa wiki. Oili ya 20W-50 yenye asilimia 5 ya petroli inaweza kushuka hadi mnato wa 40, nawe ulilipia 50 na unaamini unayo.

Dalili ya kwanza hupotosha, kwa sababu inaonekana kama habari njema: gari halili oili. Kijiti kinabaki palepale kwa kilomita 2,000, au kinapanda. Injini ya kale yenye mbio hula oili kidogo, nusu lita kwa kilomita 1,000 si ajabu, na kiwango kisichoshuka kabisa humaanisha kuna kitu kinaijazia. Vuta kijiti asubuhi kabla ya kuwasha, usugue oili kati ya vidole, unuse. Oili nzima huteleza na kunata. Yenye petroli hukimbia kama mafuta ya cherehani, na harufu haijifichi.

Kisha fanya jaribio la karatasi. Chukua karatasi nyeupe ya kuchujia kahawa, ilaze juu ya mdomo wa kikombe isiguse chochote chini, na udondoshe tone moja kutoka kwenye kijiti, injini ikiwa imetoka kuzimwa. Rudi baada ya saa kadhaa. Oili yenye afya huacha duara la kijivu linalofifia taratibu hadi ukingoni. Kitovu cheusi chenye mpaka mkali humaanisha sabuni ya oili imekwisha na masizi yanagandamana. Pete pana ya nje, karibu haina rangi, ni petroli iliyotangulia mbele ya oili. Ukingo wenye meno kama wa stempu ya posta ni maji. Andika tarehe na kilomita kwenye karatasi, uihifadhi; karatasi nne za injini moja zikiwekwa kwa mfululizo zinasema mengi kuliko moja peke yake.

Tafuta chanzo kwa mpangilio huu:

1. Plagi. Zikiwa nyeusi zenye masizi makavu, kabureta inamimina mno. Kwa Weber, jeti kuu hushuka saizi moja au mbili, kwa mfano kutoka 125 hadi 120, ukisoma rangi ya plagi kila badiliko hadi ufikie kahawia.
2. Choki. Hakikisha inazimika kabisa injini ikipata moto. Kebo iliyokauka huiacha ikifanya kazi nusu.
3. Sindano na boya la kabureta. Zikivuja, petroli hushuka usiku gari likiwa limesimama.
4. Pampu ya petroli ya kimakanika. Kwenye injini ambayo pampu yake imefungwa kwenye bloku, kama Ford za Kent, mpira wa ndani ukipasuka petroli humwagika moja kwa moja kwenye sampu.

Kijiti kikipanda ghafla kwa nusu lita, usiwashe gari. Mvuke wa petroli ndani ya sampu unaweza kulipuka. Mwaga kwanza, rekebisha, kisha jaza upya.

Petroli kidogo inaweza kutolewa kwa joto: mara moja kwa wiki endesha dakika 40 oili ikiwa juu ya nyuzi 90, kwa mfano hadi Thika na kurudi mapema Jumapili. Ikiwa nyingi, hakuna dawa ila kubadilisha. Kwa gari la mjini lenye kabureta, badilisha kila kilomita 3,000 au miezi sita, kinachotangulia, hata kama lilitoka tu kwenda kwenye maonyesho ya magari ya Concours, Ngong Racecourse, na kurudi.

Onyo moja. Ukishapunguza jeti kwa ajili ya Nairobi, kila mita unayoteremka kuelekea Mombasa hewa inakuwa nzito na petroli inakuwa haba. Injini hupata joto kali, na pistoni zinaweza kuyeyuka. Beba jeti za awali na uzirudishe kabla ya kuikaza injini huko chini.

Hatua ya 7: Fungua filta, tuma sampuli

Filta ya zamani usiitupe. Itoboe, uikate kwa mkasi wa bati. Usitumie grenda, maana itajaza chembe za chuma mahali unapotafuta chembe za chuma. Kata karatasi ya ndani, ikamue kwenye jiliwa ikiwa kati ya vitambaa viwili, uitandaze juani. Vumbi laini la kijivu ni kawaida. Vipande vinavyonaswa na sumaku hutoka kwenye kamshafti, tapeti au gia za mnyororo. Vinavyong'aa kama shaba na visivyonaswa ni beringi zilizochakaa hadi tabaka la ndani. Nyuzi za buluu au kijivu kama mpira ni silikoni ya gasketi iliyopakwa kupita kiasi, nazo huziba wavu wa pampu.

Mara moja kwa mwaka, au baada ya kila rali, peleka sampuli kwenye maabara zinazopima oili za jenereta na mitambo ya ujenzi. Acha oili imwagike kwanza, kisha kinga mililita 100 katikati ya mmiminiko kwa chupa safi na kavu. Andika aina ya oili, kilomita zake na kilomita za injini. Omba chuma, shaba, risasi, bati, aluminiamu, kromu, silikoni, sodiamu, mnato kwenye nyuzi 100, na asilimia ya petroli.

Usomapo, fuata mwelekeo wa injini yako mwenyewe. Tarakimu za gari la mwenzako hazikuhusu. Petroli ikivuka asilimia 2, rudi hatua ya 6. Silikoni ikipanda pamoja na chuma na kromu, vumbi linaingia: kagua filta ya hewa na kila kiungio kati yake na kabureta, hasa kama ulipita barabara za murram, kwa kuwa vumbi hilo husaga ringi na silinda kwa pamoja. Silikoni peke yake kwenye injini mpya huenda ni gasketi tu. Sodiamu ikipanda huku maji ya redieta yakipungua, shuku gasketi ya hedi. Utando wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko peke yake, bila kitu kwenye kijiti, mara nyingi ni unyevu wa safari fupi.

Risasi na shaba zikipanda pamoja kwa sampuli mbili mfululizo, usingoje kugonga kusikike. Shusha sampu, fungua kifuniko cha konrodi moja, ile iliyo mbali zaidi na pampu, uangalie beringi. Uso wa kijivu uliosawazika unaweza kurudishwa. Ukiona rangi ya shaba, nunua seti nzima. Kwenye nyingi za injini hizi beringi za konrodi hubadilishwa gari likiwa kwenye stendi na krenki ikiwa mahali pake. Krenki ikishakwaruzwa, injini yote hutoka ili ikasagwe.